Taa za tahadhari kwenye pikapu mpya: tathmini yangu ya gari, wakala na fundi umeme hapa Dodoma

Nilinunua pikapu mpya ya dizeli, yenye kebini mbili, gia za mkono na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne, kwa ajili ya kazi yangu ya kukusanya zabibu kwa wakulima wa Mpunguzi na Hombolo na kuzifikisha mjini zikiwa bado imara. Sitaitaja chapa ya gari wala wakala aliyeniuzia, kwa sababu ninachotaka kukieleza ni namna hitilafu ya umeme ilivyotafutwa, ilivyokosewa na hatimaye ilivyopatikana, na mwenye gari la chapa nyingine anaweza kukutana na mambo yale yale. Ninaandika baada ya miezi minane na kilomita 21,400, nikiwa na stakabadhi zote na daftari ambalo dereva wetu amekuwa akiandika kila taa iliyowaka, saa ilipowaka na hali ya barabara wakati huo.

Kuhusu gari lenyewe sina mengi. Injini ina nguvu ya kutosha kupanda na tani moja ya kreti za zabibu bila kulalamika, springi za nyuma ni ngumu gari likiwa tupu na zinatulia likibeba mzigo, na kiyoyozi kinafanya kazi vizuri hata katika joto la Oktoba. Vumbi huingia kidogo kupitia mlango wa nyuma wa kulia. Kama si umeme, ningelisifu gari hili kwa moyo mweupe.

Tatizo lilianza likiwa na kilomita 1,900 tu. Dereva alikuwa anatoka shambani asubuhi, katika kipande cha rasta, yaani mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, ambacho matairi hutetemeka kiasi cha mtu kushindwa kuongea, geji zote za dashibodi zilipoanguka hadi sifuri kwa muda mfupi kuliko kukonyeza jicho, kisha zikarudi. Zilipokuwa zikirudi, ziliandamana na taa sita: ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kufunga breki), ya kuzuia gari kuteleza, ya mfumo wa magurudumu manne, ya mfuko wa hewa, ya injini, na taa nyekundu ya breki. Gari liliendelea kutembea kama kawaida. Alisimama, akazima, akasubiri dakika moja na kuwasha tena. Taa nne zikazimika, ya ABS na ya kuzuia kuteleza zikabaki. Siku tatu baadaye, Jumatatu asubuhi baada ya gari kulala uani tangu Ijumaa, liliwaka kwa taabu, na mara baada ya kuwaka taa zote sita zilikuwa zimerudi.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo natamani ningeambiwa siku ya kukabidhiwa funguo. Taa nyekundu na taa ya njano hazina uzito sawa. Taa nyekundu ya shinikizo la oili ni amri ya kusimama na kuzima injini pale pale, kwa kuwa injini isiyopata oili inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Ya joto la injini nayo inataka dereva asimame mahali salama upesi. Taa ya betri ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi maana yake alteneta haichaji, na gari linaishi kwa akiba iliyomo kwenye betri. Taa ya njano ya ABS ikiwa peke yake inamaanisha kwamba breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga dereva akikanyaga kwa nguvu kwenye barabara inayoteleza. Lakini ABS ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiendelee na safari kwa kujiamini: angalia kiwango cha mafuta ya breki kwanza, na ujue kwamba mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma huenda umeacha kufanya kazi, jambo ambalo kwa pikapu isiyo na mzigo ni hatari, kwa sababu nyuma yake ni nyepesi na hutangulia kuteleza.

Kitabu cha maelekezo kinayasema haya yote, lakini kwa Kiingereza pekee, katika kurasa ambazo dereva wetu, mtu makini mwenye miaka 18 barabarani, hakuweza kuzisoma. Niliketi jioni mbili nikaandika karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro ya taa na maana zake, nikaibandika nyuma ya kivuli cha jua. Kwa gari la bei hii, linalouzwa katika nchi hii, kazi hiyo ilipaswa kuwa imefanywa na muuzaji.

Nikarudi kwa wakala, tawi la hapa Dodoma. Mapokezi yalikuwa mazuri, na hilo nalisema kwa dhati. Fundi alichomeka mashine kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, akasoma misimbo ya hitilafu, ile ambayo mafundi wengi huiita kodi, akaifuta, taa zikazimika, na ndani ya dakika ishirini nikaambiwa gari limepona. Sikulipa hata senti. Nilipoomba orodha ya misimbo iliyokutwa, nilijibiwa kwamba haikuhifadhiwa.

Hapo ndipo palipo na kosa la kwanza, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote yaliyofuata. Kompyuta ya gari inaporekodi hitilafu, mara nyingi huhifadhi pamoja na msimbo hali iliyokuwapo wakati huo: kasi ya gari, mzunguko wa injini, joto, na katika magari mengi hata volti. Kufuta msimbo kunafuta na kumbukumbu hiyo. Ni sawa na daktari anayekung'uta kipimajoto kabla hajakisoma. Siku tatu baadaye taa zilirudi, katika rasta ile ile.

Safari ya pili walilishikilia gari kwa siku mbili. Safari hii nilisisitiza nipewe karatasi, na nikaipata: misimbo saba, mitano kati yake ikianza na herufi U, mmojawapo ukiwa U0121. Kwa kuwa U0121 husomeka kama kupotea kwa mawasiliano na kompyuta ya ABS, hukumu ilikuwa kwamba kompyuta hiyo imekufa, iagizwe nyingine kupitia Dar es Salaam, na nisubiri wiki nne. Msimu wa mavuno ulikuwa umeanza. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mkulima aliyekwisha kukata hawezi kukusubiri wiki nne.

Nilikwenda kwa fundi umeme wa magari aliyeko Kizota, mzee ambaye zamani aliwahi kututengenezea alteneta ya lori. Nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi, akaisoma mara mbili, kisha akaniambia, "Mama, usikubali wabadilishe kifaa chochote kabla eathi haijapimwa," yaani muunganisho wa betri na chuma cha gari. Nilimweleza hofu yangu kwamba gari lina waranti na sitaki mkono wa mtu wa nje uonekane ndani yake. Akakubali kupima tu, bila kukata waya, bila kulegeza nati, na bila kuchomoa hata fyuzi moja. Makubaliano hayo tuliyaandika.

Kwanza alinifafanulia ile karatasi, na ufafanuzi wake nimeuhakikisha baadaye kwa kusoma. Misimbo imegawanyika kwa herufi ya mwanzo: P ni ya injini na gia, C ni ya chesisi, yaani breki, usukani na vinavyofanana na hivyo, B ni ya bodi, na U ni ya mtandao unaounganisha kompyuta za gari. Gari la kisasa lina kompyuta nyingi zinazozungumza kupitia jozi ya waya zilizosokotwa pamoja. Msimbo U0121 haukuandikwa na kompyuta ya ABS. Umeandikwa na wenzake, wakisema kwamba wameacha kuisikia. Kuna sababu nyingi za mtu kutosikika. Anaweza kuwa amekufa, anaweza kuwa amekatiwa waya, na anaweza kuwa amepungukiwa nguvu kwa sekunde moja tu. Kompyuta ya ABS ikiona volti zake zimeshuka kupita kiasi, takriban chini ya kumi katika magari mengi, hujiondoa kazini yenyewe kwa usalama na kuwasha taa yake. Kwa hiyo kompyuta kadhaa zisizohusiana zikilalamika kwa wakati mmoja, baada ya mtikisiko au baada ya kuwasha kwa taabu, mtuhumiwa wa kwanza ni kile wanachokitegemea wote: betri, nyaya zake, eathi, au mtandao wenyewe.

Vipimo vilichukua karibu saa mbili na nusu. Gari lilikuwa limelala siku tatu, nami nilikuwa nimelipeleka kwa kulivuta polepole ili lisiwashwe. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.2, wakati betri iliyojaa husoma takriban 12.6, kwa hiyo ilikuwa imebaki na kama nusu ya akiba yake. Injini ilipowashwa, volti kwenye betri zilipanda hadi 14.2, na hapo alteneta ikaondolewa tuhuma, kwa kuwa inachaji. Kisha ikaja kazi ambayo kwa wakala haikufanywa kabisa. Aliwasha taa kubwa, feni ya kiyoyozi na taa za ukungu, akaweka ncha moja ya maltimita, yaani kipimio cha umeme, kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini: volti 0.05. Akaiacha ncha ya kwanza pale pale, ya pili akaihamishia kwenye bodi: volti 0.6. Akamwomba kijana wake alitikise gari kwa kusukuma bampa, na namba ikaruka hadi zaidi ya 2, ikashuka, ikaruka tena.

Kwa asiyezoea mambo haya, eathi ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Njia hiyo ikiwa safi, tofauti kati ya hasi ya betri na bodi haipaswi kuzidi volti 0.1 au 0.2 hata mizigo yote ikiwa imewashwa. Volti 0.6 zilizopotea hapo ni volti ambazo dashibodi, ABS na wenzake hawakuzipata, na zile 2 za wakati wa mtikisiko zilionyesha kwamba eathi ilikuwa ikiachia gari likitikiswa, jambo lililoangusha geji hadi sifuri kwenye rasta. Tulimulika kwa tochi chini ya kitako cha betri, na pale waya mnene wa eathi unapofungwa kwenye chuma cha bodi tuliona rangi ya gari imepita chini ya kichwa cha waya, na boliti ilicheza kwa kuguswa na kidole. Gari lilitoka kiwandani hivyo. Nilipiga picha kabla ya mtu yeyote kugusa zaidi.

Alipima na mtandao pia, ingawa tayari alikuwa na jibu mkononi, na kwa hilo namheshimu zaidi. Baada ya umeme wote kutulia, alipima ukinzani, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kupita, kati ya tundu namba 6 na namba 14 la soketi ya uchunguzi akapata omu 60. Hiyo ndiyo namba sahihi, kwa sababu kila mwisho wa mtandao huo una kizuizi cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba hutoa nusu yake. Angepata 120 angejua waya umekatika mahali au upande mmoja umepotea. Mtandao ulikuwa mzima.

Likabaki swali la betri kushuka gari likiwa limelala. Alifunga komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, akauacha ufunguo mbali, na tukasubiri zaidi ya nusu saa kompyuta zilale, kwani ukipima mapema utapata namba kubwa isiyo na maana. Kwa klampu ya kupimia ampea aliyoizungushia waya wa hasi, alipata miliampea 180, wakati kawaida ni chini ya 50. Badala ya kuchomoa fyuzi moja moja, jambo ambalo lingeziamsha kompyuta, alipima milivolti kati ya vichwa viwili vya kila fyuzi. Fyuzi inayopitisha umeme huonyesha kitu kidogo, isiyopitisha huonyesha sifuri. Njia ikatupeleka nyuma ya kasha la glovu, kwenye kifaa cha kufuatilia gari, ile ambayo wengi tunaiita GPS, ambacho wakala alikifunga kabla ya kunikabidhi. Waya wake ulikuwa umeunganishwa kwenye waya wa gari kwa kumenya, kusokota na kuzungushia tepu. Miliampea 180 kwa siku tatu ni takriban ampea-saa 13 za akiba ya betri. Betri ya ampea-saa 70 iliyojaa haiwezi kushindwa kuwasha gari kwa upungufu huo, lakini betri ambayo haikujaa, katika gari linalotembea safari fupi za mjini kati ya siku za shamba, hufika Jumatatu ikiwa dhaifu, na wakati wa kuwasha volti hushuka hadi kompyuta zianze kulalamika.

Kwa hiyo zilikuwa hitilafu mbili zilizovaa sura moja, na ndiyo maana taa zilirudi nyakati mbili tofauti: kwenye mtikisiko kwa sababu ya eathi, na Jumatatu asubuhi kwa sababu ya betri. Daftari la dereva lilikuwa limeonyesha hivyo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeliomba alisome. Fundi alinitoza shilingi 60,000 na kuniandikia vipimo vyote kwa mkono, kila kimoja na mahali kilipopimwa.

Nilirudi kwa wakala na karatasi hiyo pamoja na picha. Meneja wa karakana aliisoma kwa utulivu, akamwita fundi wake, wakarudia kipimo cha eathi mbele yangu na kupata namba ile ile kasoro kidogo. Agizo la kompyuta ya ABS lilifutwa siku hiyo hiyo. Walikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, wakafunga boliti kwa spana ya kupimia nguvu, wakapaka grisi ya kuzuia kutu, na wakakiunganisha upya kile kifaa cha kufuatilia kupitia fyuzi yake yenyewe. Volti kati ya betri na bodi zikawa 0.03, na umeme wa gari likiwa limelala ukashuka hadi miliampea 35. Muda wote ulikuwa saa tatu, bila malipo, na waranti haikuguswa. Nilirudishiwa pia shilingi 60,000 zangu, baada ya kuziomba kwa barua.

Wasingekubali, ningepeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji, na vipimo vilivyoandikwa ndivyo vingekuwa ushahidi wangu. Neno "taa zinawaka" ni rahisi kupingwa, hasa kama taa zimezimika siku unayofika; namba iliyopimwa mahali panapotajwa si rahisi.

Ili nisiwe na upendeleo, niseme kwamba taa ya ABS iliwaka tena mwezi wa sita tangu ninunue gari, na safari hii kosa halikuwa la kiwanda. Tulikuwa tumeingia kwenye tope la mashamba ya mpunga Bahi. Iliwaka pamoja na ya kuzuia kuteleza tu, geji hazikuyumba, na msimbo ulikuwa mmoja tu, C0035, unaohusu sakiti ya sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kushoto. Waya wa sensa ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake na kusuguliwa na tairi. Hapa mashine ilionyesha mahali sahihi kabisa, na wakala alibadilisha sensa kwa siku tisa. Waliuliza maswali kwanza, walipima ukinzani wa sensa, walinipa karatasi bila kuombwa. Niliona kwamba utaratibu wao umebadilika, na nilimshukuru meneja kwa hilo.

Jambo dogo linalohusiana na hayo: vijana wa kuosha magari hupenda kufungua boneti na kupiga injini kwa mashine ya maji yenye shinikizo, hasa gari likirudi jekundu kwa vumbi. Tumelikataza hilo kwa gari letu. Soketi za waya zina mipira ya kuzuia maji, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya maji yanayopigwa kwa nguvu kutoka karibu, na unyevu ukiingia humo hula shaba taratibu hadi hitilafu itokee miezi kadhaa baadaye.

Kwa yeyote anayekwenda kuchukua pikapu mpya, naomba afanye mambo machache kabla ya kutia saini. Awashe swichi bila kuwasha injini na kuhakikisha taa zote za tahadhari zinawaka kisha za ABS na mfuko wa hewa zinazimika baada ya sekunde chache, kwa kuwa taa isiyowaka kabisa huenda imeungua au imekatwa ili kuficha jambo. Aulize ni vifaa gani vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani na vimechukua umeme wapi. Na aombe volti zipimwe kati ya hasi ya betri na bodi, taa zikiwa zimewashwa. Ni kazi ya dakika mbili.

Gari ninalipa alama saba kati ya kumi, kwa sababu boliti iliyofungwa juu ya rangi ilitoka kiwandani na hakuna aliyeikagua kabla ya kuiuza. Wakala ninampa tano kwa ziara mbili za kwanza na nane kwa zilizofuata. Fundi wa Kizota ninampa kumi. Kitabu cha maelekezo cha Kiswahili nilikiomba kwa maandishi tangu mwezi wa pili wa kuwa na gari, na hadi leo ninapoandika sijakipata. Karatasi yangu ingali nyuma ya kivuli cha jua, na meneja ameniomba nakala yake.